Aliyedhulumiwa Si Shahidi Tu

Katika miji yetu midogo, Nakaloke ikiwamo, mwizi anapokamatwa watu wote hukimbilia kule aliko mwizi. Mwenye duka huliacha duka lake, fundi wa baiskeli huacha gurudumu limepinduliwa juu, na vijana wa bodaboda hufika kwa kasi kutoka kila upande wa barabara iendayo Kumi na Soroti. Wengine hutaka apigwe, wengine hutaka apelekwe kituoni, na wachache wenye busara hupaza sauti wakiomba asiuawe. Baadaye polisi huja, mtuhumiwa hupakiwa garini, na umati hutawanyika ukisimuliana. Tunalotaka kuwauliza wasomaji wetu leo ni hili: katika zogo lote lile, ni nani aliyekwenda kumtazama yule aliyeibiwa? Yuko wapi sasa? Ameumia? Watoto wake watakula nini jioni hiyo?

Hatusemi kwamba watu wa Nakaloke hawana huruma. Majirani huchanga, msikiti huchanga, kanisa huchanga, na akina mama hupeleka uji. Lakini huruma ya jirani ni kitu kimoja na haki ya kisheria ni kitu kingine. Huruma hutegemea moyo wa mtoaji na uzito wa mfuko wake, nayo aghalabu huchoka baada ya juma moja au mawili. Haki ni kitu ambacho mtu anaweza kukidai hata kwa asiyempenda. Na hapo ndipo aliyedhulumiwa katika nchi yetu anapojikuta mikono mitupu.

Tukiingia mahakamani tunalikuta swali lilelile. Kesi ya jinai kwetu huandikwa kwa jina la Uganda dhidi ya fulani. Mwenye kesi ni dola. Mwendesha mashitaka ni mtumishi wa dola. Mshitakiwa naye ana wakili wake, na kama kosa lenyewe huadhibiwa kwa kifo au kwa kifungo cha maisha, Katiba inaitaka serikali imgharimie wakili huyo. Mambo hayo yote ni ya haki na sisi hatuna ugomvi nayo hata kidogo. Kwani mtu asiyetetewa hawezi kusemwa kuwa amehukumiwa. Lakini yule aliyekatwa kwa panga, au mjane wa yule aliyeuawa, hana kiti chake katika chumba kile. Jina lake ni shahidi. Akiitwa huingia, huapa, huulizwa maswali na pande zote mbili, kisha huambiwa ashuke. Asipoitwa, hukaa benchi la nyuma pamoja na wapita njia walioingia kukwepa jua.

Mpango huu hatukuubuni sisi. Ulikuja na Waingereza, ambao kwao jinai ilihesabiwa kuwa imevunja amani ya mfalme, na kwa hiyo mfalme ndiye aliyekuwa mlalamikaji. Kabla yao, katika jamii nyingi za upande wetu huu, mauaji yalikuwa deni baina ya ukoo na ukoo, na deni hilo lililipwa kwa ng'ombe. Ndugu zetu Waislamu, ambao Nakaloke ni wengi, wanalijua vyema neno diya na maana yake. Mpango ule wa kale ulikuwa na kasoro zake, tena kubwa. Mzee wa ukoo ndiye aliyepokea ng'ombe, na mwanamke aliyetendewa ubaya mara nyingi hakuona hata kwato.

Kasoro hiyo haijafa. Hata leo binti akiharibiwa utasikia kwamba wazee wamekaa chini ya mwembe kupatana idadi ya mbuzi, na baada ya hapo polisi wanaambiwa kwamba familia haina tena malalamiko. Tuseme wazi kwamba huo si utetezi wa aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa ni binti, na baba aliyepokea mbuzi hao amemuuza mara ya pili. Mabadiliko ya Sheria ya Kanuni za Adhabu ya mwaka 2007 yaliipa mahakama uwezo wa kuamuru fidia kwa mtoto aliyeharibiwa, pamoja na adhabu ya mkosaji na si badala yake. Mwenyekiti wa LC1 anayesimamia mapatano ya mbuzi ama hajui hivyo, ama anajua na amekula mguu mmoja.

Hata hivyo, wazee wale wa kale walijua jambo ambalo sheria ya kikoloni haikulitilia maanani: kwamba jinai huacha nyuma yake mtu mwenye hasara, na kwamba hasara yake haipungui kwa kuwa mkosaji amefungiwa Luzira.

Tuchukue mfano wa mama mmoja ambaye hatumtaji kwa jina kwa sababu ni wengi. Huyu mama huuza nyanya na vitunguu kando ya barabara. Alfajiri moja anavamiwa njiani akielekea sokoni Mbale, anapigwa, ananyang'anywa fedha za mtaji pamoja na baiskeli ya mwanawe. Anafika kituoni akivuja damu. Anatakiwa kupata Fomu namba 3 ya polisi, ambayo mganga ataijaza kueleza majeraha yake; bila fomu hiyo kesi haina mguu wa kusimamia. Fomu hiyo haiuzwi. Lakini wangapi miongoni mwetu hatujasikia habari ya mgonjwa kuambiwa kwamba karatasi zimekwisha na kwamba afadhali akapige nakala kwa fedha yake? Mama huyo, ambaye amenyang'anywa kila senti, anaanza safari yake ya haki kwa kukopa.

Tuseme mungu ni mwema na mtuhumiwa anakamatwa pamoja na baiskeli. Mama anafurahi. Anakwenda kuichukua baiskeli, anaambiwa kwamba sasa ni kidhibiti na haiwezi kutoka mpaka kesi iishe. Yeyote aliyewahi kuingia katika ua wa kituo cha polisi ameziona baiskeli na pikipiki hizo, zimeegemezwa ukutani, majani yamepita katikati ya spoku. Nyingine zimekaa hapo hata mwenyewe amekufa. Je, haiwezekani picha ikapigwa, namba ikaandikwa, pande zote zikatia sahihi, na hakimu akaombwa aamuru mali irudi kwa mwenyewe? Inawezekana. Hakuna anayeomba, kwa sababu mwenye mali si mwenye kesi.

Baada ya siku mbili mama anamkuta mtuhumiwa kwenye kituo cha bodaboda, anacheka na wenzake. Moyo wake unapasuka. Anasema, naye jirani anakubali, na mtaa mzima unakubali, kwamba polisi wamehongwa. Pengine wamehongwa, hatuwezi kuwatetea wala rushwa. Lakini pengine hawakuhongwa. Katiba yetu inasema kwamba mtu aliyekamatwa sharti afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 48, au aachiliwe, na inampa mshitakiwa haki ya kuiomba mahakama dhamana. Dhamana si msamaha, wala kesi haijaisha. Ofisa mmoja angeweza kumweleza mama huyo jambo hili kwa dakika tano, kwa lugha anayoielewa, na kumwambia ni masharti gani mtuhumiwa amewekewa na ni wapi aende kama atatishwa. Hakuna aliyemweleza. Mama anabaki na hofu nyumbani, na mtaa unabaki na hasira.

Hasira hiyo, ndugu msomaji, ndiyo mafuta ya petroli. Tunalaani mara kwa mara tabia ya watu kujichukulia sheria mkononi na kuwachoma moto watuhumiwa, nasi tunalaani kwa haki, kwa maana mmoja anayechomwa leo kwa jina la mwizi kesho anagunduliwa kuwa mtoto wa mtu aliyekuja kutafuta kibarua. Lakini laana peke yake haitoshi. Umati ule hujihesabia kwamba unamlipia kisasi aliyedhulumiwa, na hujihesabia hivyo kwa sababu umeshuhudia mara nyingi aliyedhulumiwa akirudi kutoka kituoni bila mali na bila habari. Ajabu ni kwamba umati nao haumfai kitu. Mwizi akishakuwa majivu, baiskeli haijarudi, mkono uliovunjika haujaungwa, na mama wa watu ameitwa tena kituoni, safari hii kueleza kuhusu mauaji.

Turudi kwa mama wetu. Kesi inapangwa Mbale. Siku ya kwanza hakimu hayupo. Siku ya pili faili halionekani. Siku ya tatu wakili wa mshitakiwa ana udhuru. Kila siku hiyo ni nauli, na kila nauli ni siku asiyouza. Siku anayosikilizwa, mambo yote yanasemwa kwa Kiingereza; mkalimani anafupisha maneno yake ya robo saa kuwa sentensi mbili. Hukumu inasomwa wiki nyingine, naye hana habari. Anaipata sokoni.

Je, sheria ya nchi imeruhusu hayo? La hasha. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 126, inapoeleza kanuni zitakazoongoza mahakama zote, inataja kwamba haki itolewe kwa wote bila kujali cheo au mali, isicheleweshwe, na kwamba waliotendewa mabaya walipwe fidia ya kutosha. Maneno hayo yapo, yameandikwa, na yana zaidi ya robo karne. Miaka kumi kabla yake, tarehe 29 Novemba 1985, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kanuni za haki kwa waliodhulumiwa na jinai na kwa waliodhulumiwa na matumizi mabaya ya madaraka. Azimio hilo lilitaka watu hao waheshimiwe, wapewe habari za kesi yao, maoni yao yasikilizwe, walindwe wasitishwe, warudishiwe walichopoteza, na pale mkosaji asipoweza kulipa, dola iangalie namna ya kufidia. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria maalumu ya kuwalinda waliodhulumiwa mwaka 2014. Sisi bado tunaziokoteza haki hizo kipande kwa kipande kutoka sheria hii na sheria ile, na mtu wa kawaida hawezi kuziokota bila wakili.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: hawa wanaovaa sare za jeshi wameingiaje katika mambo ya polisi na mahakama? Swali hilo ni halali na tunapenda kulijibu kwa urefu, kwani ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Ukiifuata reli itokayo Tororo, ikapita Mbale na kwenda Kumi hadi Soroti, utafika mahali paitwapo Mukura, ambapo siku hizi ni wilaya ya Ngora na wakati ule palikuwa wilaya ya Kumi. Teso ilikuwa vitani. Kulikuwa na waasi wa UPA, na jeshi la wakati ule, NRA, lilikuwa likiwasaka. Tarehe 11 Julai 1989 watu waliokusanywa kwa kushukiwa kuwa waasi waliingizwa katika behewa la mizigo katika stesheni ya Mukura na mlango ukafungwa. Behewa la chuma, jua la Teso, watu wamesongamana. Waliokufa kwa kukosa hewa ni 69.

Wengi wetu tunaovaa sare leo tulikuwa bado hatujazaliwa au tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni. Jeshi lenyewe lilibadilishwa jina na Katiba ya mwaka 1995 likawa UPDF. Mtu mwepesi angeweza kusema kwamba ya NRA yabaki na NRA. Sisi tunaona kwamba jeshi haliwezi kurithi bendera, nyimbo na sifa za ushindi halafu likakataa kurithi madeni. Serikali haikulificha jambo lile milele: ilikiri ubaya uliotendeka, pakajengwa mahali pa kumbukumbu walipozikwa marehemu, na pakajengwa shule ya sekondari yenye jina la kumbukumbu hiyo. Ni mambo ya heshima, na kijana wa Mukura anayesoma katika shule ile anafaidika nayo. Lakini malalamiko kuhusu fidia yaliendelea miaka na miaka, na ukiyasikiliza utagundua kwamba sehemu kubwa haikuwa juu ya kiasi cha fedha. Yalihusu orodha: ni nani aliandikwa na ni nani aliachwa, na aliyenusurika behewani akatoka na mapafu mabovu ahesabiwe wapi? Yalihusu kuulizwa. Shule ni kitu kizuri, lakini mjane aliyekuwa akilima peke yake alikuwa na lake la kusema kabla ya matofali kufyatuliwa.

Mfano wa pili unatoka Karamoja. Tarehe 21 Machi 2002, wilayani Kotido, padri Declan O'Toole, raia wa Ireland wa shirika la Mill Hill ambalo wazee wa Mbale na Teso wanalifahamu tangu zamani, aliuawa pamoja na dereva wake na mpishi wake. Waliopatikana na hatia ni askari wawili. Tarehe 25 Machi, yaani siku nne tangu mauaji, walikuwa wamekwisha kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi mbele ya umati. Muda wa kukata rufaa haukuwapo. Wako waliopiga makofi na kusema kwamba jeshi limeonyesha ukali. Ukali ulionyeshwa, hatubishi. Lakini tukiuliza kwa utulivu, mke wa mtu anayeuawa namna ile anapata nini katika siku nne? Ameweza kusema neno mahakamani? Ameelezwa ni kwa nini mumewe aliuawa, na ni nani mwingine aliyejua? Washitakiwa wakishakufa, maswali yote yamezikwa nao. Haraka ya namna hiyo inaweza kumnyima haki mshitakiwa na aliyedhulumiwa kwa pigo moja, ingawa imefanywa kwa jina la huyo wa pili.

Katika vyuo vya makadeti jambo la kwanza kukaririshwa, kabla hata ya kufungua na kufunga bunduki, ni kanuni za mwenendo wa askari kwa raia. Zilianza msituni miaka ya vita vya 1981 hadi 1986, na leo zimo ndani ya Sheria ya UPDF ya mwaka 2005. Askari asimtukane raia wala asimpige. Asichukue kitu cha mtu, na akinunua alipe papo hapo. Kadeti asiyezijua hapiti. Ni kanuni nzuri, na nidhamu iliyotokana nazo ndiyo iliyofanya mwananchi wa Uganda aache kukimbilia porini kila aonapo sare, kama alivyokimbia katika miaka ya 1970. Lakini ukizisoma kwa makini, zote zinasema na askari: usifanye hivi, usifanye vile. Zinanyamaza juu ya yule ambaye tayari amefanyiwa.

Jeshi lolote lenye nidhamu huhesabu risasi. Ikikosekana moja, ripoti huandikwa siku hiyohiyo, na askari husimamishwa mpaka ieleweke imekwenda wapi. Ikiwa risasi hiyo imeingia mguuni mwa raia, kuna kitabu gani kinachomfuata raia huyo hospitalini, kikaandika amekatwa mguu au hakukatwa, na baada ya mwaka kikaandika kama amepata kazi? Vivyo hivyo taarifa kwa magazeti, ziwe za jeshi, za polisi au za magereza. Zinaeleza kikosi, cheo, mahali alipowekwa mtuhumiwa, na kwamba sheria itachukua mkondo wake. Aliyeumizwa hupewa mstari mmoja, mara nyingi bila umri. Kazi ya uhusiano na umma ni kazi yetu, na twaona kwamba umma ulio karibu zaidi katika tukio kama hilo ni familia ile moja, ambayo ingepaswa kuelezwa kabla ya mwandishi wa habari.

Kuhusu fedha, ambalo ndilo neno linalowatia watu hofu, miaka hii ya karibuni imetupa mafunzo mawili makubwa, yote kutoka vita vya kaskazini. Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA, alikamatwa mwaka 2009. Mwezi Agosti 2024 Kitengo cha Jinai za Kimataifa cha Mahakama Kuu yetu kilimtia hatiani kwa makosa 44, na mwezi Oktoba kikamhukumu miaka 40. Katika kesi hiyo waliodhulumiwa walikuwa na mawakili wao wenyewe ndani ya mahakama. Kanuni za kitengo hicho za mwaka 2016 zinaruhusu hivyo. Basi jambo tunaloambiwa haliwezekani limekwisha kuwezekana, tena katika ardhi ya Uganda na mbele ya majaji wa Uganda. Mwezi Desemba 2024 majaji waliamua kwamba waliodhulumiwa walipwe hadi shilingi milioni 10 kila mmoja, na kwa kuwa Kwoyelo hakuwa na mali, walipwe na serikali. Hoja yao ilikuwa kwamba maovu yale yalionyesha kuwa dola ilishindwa kuwalinda wananchi wake. Kwa sisi ambao kazi yetu ni ulinzi, hoja hiyo ni chungu kuisoma. Ni hoja sahihi vilevile.

La pili ni la The Hague. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Dominic Ongwen miaka 25 mwaka 2021, na tarehe 28 Februari 2024 ikaamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa watu wanaokaribia 50,000. Sehemu yake ni euro 750 kwa kila mmoja, kama alama ya kutambuliwa. Ongwen hana kitu, kwa hiyo Mfuko wa Waliodhulumiwa unatakiwa kuzitafuta fedha hizo kwa wahisani. Na Ongwen mwenyewe, tusisahau, alitekwa na waasi akiwa mtoto njiani kwenda shule. Mahakama ililitaja hilo ilipopima adhabu, na watu wa Acholi wanalijadili mpaka leo.

Kuna wapinzani wa maoni haya, na hoja zao tumezisikia. Wanasema kwamba fidia ikianza kulipwa kila mtu atajidai amedhulumiwa. Wadanganyifu watakuwapo, kama walivyo katika ununuzi wa kahawa na katika orodha za mishahara, na hakuna aliyependekeza tuache kununua kahawa. Wanasema pia kwamba hazina ya nchi ni ndogo. Hiyo ni kweli. Lakini ukirudia safari ya mama wa nyanya, utaona kwamba sehemu kubwa ya maumivu yake haikuhitaji hazina. Fomu isiyouzwa isiuzwe. Baiskeli ipigwe picha na irudi. Tarehe ya kesi apigiwe simu. Dhamana aelezewe. Mkalimani atafsiri maneno yote. Wengine wanahofu kwamba tukimpa aliyedhulumiwa nafasi mahakamani tutamnyonga mshitakiwa asiye na hatia kwa machozi ya mjane. Nafasi tunayoidai ni ya kusikilizwa na kufidiwa. Kuamua hatia kunabaki kwa hakimu na ushahidi wake.

Kwa upande wa jeshi tunapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji Bunge. Kila kambi, kuanzia hizi za Mbale na Jinja, iwe na ofisa mmoja anayejulikana kwa jina na kwa namba ya simu, ambaye kazi yake ni raia walioumizwa na askari, na asiwe ndiye anayewatetea askari wale. Awe na daftari: nani ameumizwa, lini, kesi ipo wapi, itasikilizwa tarehe gani, familia imeambiwa na nani. Mahakama ya kijeshi inapokaa kusikiliza kesi ya raia aliyeuawa, jamaa zake waletwe kwa gari la jeshi, wakae mbele, na kabla ya adhabu kutajwa waulizwe wamepoteza nini. Hukumu isomwe kwa lugha wanayoielewa. Askari aliyefungwa akitoka, wapewe habari kabla hawajakutana naye sokoni.

Kwa upande wa raia, Nakaloke iliingizwa katika jiji la Mbale mwaka 2020, na jiji lina madiwani, lina ofisa wa maendeleo ya jamii, lina vituo vya polisi. Ubao mmoja nje ya kila kituo, umeandikwa kwa Kigisu, Kiteso, Kigwere na Kiswahili, ukieleza kwamba Fomu namba 3 ni bure, kwamba mwenye mali anaweza kuiomba kwa hakimu, na kwamba aliyedhulumiwa ana haki ya kujua kesi yake imefika wapi, ni gharama ya mbao na kopo la rangi. Madiwani wa Kaskazini wanaweza kuupitisha katika kikao kimoja, na fundi wa kuuandika hatakosekana.